Kula kwa kuzungumzia chakula

Nilikuwa na miezi minne tu redioni niliposema, tena kwa sauti ya kujiamini, kwamba dafu halina madhara kwa mtu yeyote. Kunywa moja asubuhi, moja jioni, nikasema. Siku ya tatu akanipigia dada mmoja, na hakuwa na salamu ndefu. Baba yake anaumwa figo. Hospitali wamemkataza madafu kwa sababu yana madini mengi ya potasiamu, na figo zilizochoka haziwezi kuyatoa. Yakizidi kwenye damu yanavuruga mapigo ya moyo. Mzee hataki kusikia. "Mtoto wa redioni kasema halina madhara." Alikuwa keshakunywa manne.

Alhamdulillahi, waliwahi kumzuia na vipimo vikatoka salama. Mimi nilikaa siku mbili bila ya kulala. Unguja ni ndogo. Yule mzee nakutana naye sokoni Darajani, si msikilizaji asiye na sura.

Nimeanza na aibu hii kwa sababu vijana wanaoniuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya kuzungumzia lishe, mapishi na mazoezi huanza na swali la kamera. Kamera ya kununua ni ipi, taa ni ipi, simu gani inatoa picha nzuri. Hayo yana majibu rahisi: tumia simu uliyonayo, kaa karibu na dirisha, nunua kipaza sauti cha kubana kwenye nguo kabla ya kitu kingine chochote, maana mtu huvumilia picha mbovu lakini sauti mbovu anaifunga. Tumemaliza. Gumu ni lile la dafu.

Tangu siku ile, kila andiko langu huwa na mstari mmoja juu kabisa, wa wino mwekundu: *Nani asifanye hivi?* Nikishindwa kuujibu, siingii hewani mpaka nimpigie anayejua. Ninao wawili: afisa lishe mmoja na mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo. Nawapelekea maandishi, wanayakata, na nikipata malipo wanapata fungu lao. Usimtumie mtaalamu kwa kumwambia "nitakutaja jina". Jina haliliki.

Na wewe jijue ni nani. Mimi si afisa lishe. Nimesomea uandishi wa habari, na nimekulia Wete, Pemba, kwenye nyumba iliyokuwa ikipika halua ya kuuza. Nadhani hakuna mtu mwenye haki ndogo kuliko mimi ya kumnyooshea kidole mla sukari. Bango la kwanza la kipindi changu liliandikwa "mtaalamu wa lishe". Nikaliacha, nikaona ni neno tu. Halikuwa neno tu, ndilo lililomnywesha mzee wa watu madafu manne. Siku hizi naandikwa mtayarishaji wa vipindi vya chakula na afya, na hakuna mteja aliyenikimbia kwa hilo.

Kama umri na uwezo vinakuruhusu, kasome. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina shahada ya lishe ya binadamu, na mtu mwenye elimu hiyo akijua pia kusimulia ana milango miwili ya riziki: wa ajira na wa vyombo vya habari. Kama umeshapitwa na hilo, basi uwe mpishi kweli, au mwalimu wa mazoezi kweli, au mwandishi kweli, halafu uazime elimu kwa wenyewe. Hata wakubwa hawakuanzia mbele ya kamera. Michael Mosley wa Uingereza, aliyejulikana sana kwa vipindi vya afya, alisomea udaktari, akaingia BBC mwaka 1985 kama mwanagenzi, akakaa miaka mingi akiwatayarishia wengine vipindi kabla watu hawajaijua sura yake. Kwetu mtu anataka wafuasi elfu kumi kabla ya Idi.

Sasa nije kwenye ninachokipenda, vipimo.

Makala zangu za mwanzo zilijaa shayiri ya pakiti, samaki wa salmoni na matunda ambayo sijawahi kuyashika. Nilikuwa nayatoa kwenye mitandao ya watu wa mbali. Shangazi yangu akaniuliza, "Hivi vitu vinauzwa genge gani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri, nikaanza kupima tunachokula sisi.

Nikaanza na chai yake mwenyewe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi za sukari. Cha shangazi, kilichorundikwa kama kifusi cha mchanga, kilikuja 7. Vijiko viwili kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku: gramu 42. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ingekuwa bora zaidi ikashuka hadi 25. Shangazi alikuwa anakaribia mpaka kwa chai peke yake, hajagusa visheti wala soda. Alitazama mizani, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe ndio maana ukija wewe chai haina ladha."

Chai hiyo nikaitengenezea kipindi, na ndicho kilichonipa jina, na hakikuwa na neno moja la kisayansi. Chumvi nayo tuliifanya hivyohivyo. Ukimwambia mtu gramu 5 kwa siku, hajui umemwambia nini. Ukimwekea kijiko kimoja cha chai mezani na kumwambia hiki ndicho cha siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate wa boflo na kwenye kile kidonge cha supu ambacho karibu nusu yake ni chumvi tupu, anashika kichwa.

Usije ukasimama mbele ya Wazanzibari ukawaambia waache urojo. Watakuacha wewe. Sema bakuli lako liwe na mbatata na mchuzi, bajia moja badala ya tatu, chipsi za muhogo zipungue. Msifie mtu mkate wa mofa wa mtama aliokuwa akiula bibi yake, shelisheli la kuchemsha, mchicha, dagaa. Vyakula hivi vina wenyewe tayari, wewe unawakumbusha tu.

Kwa upande wa mazoezi nitasema machache kwa sababu si jikoni kwangu. Watu wetu wanapenda: tazama vikundi vya alfajiri, tazama tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi Kitaifa, barabara zinavyojaa fulana za rangi. Tatizo ni video. Kina mama wengi hawataki kurekodiwa wakiruka, na wana haki. Mwalimu mmoja rafiki yangu aliniomba shauri, tukaiacha kamera: anarekodi sauti yake tu, akihesabu na kuelekeza, dakika 20, anaituma kwenye makundi ya WhatsApp kwa ada ndogo ya mwezi. Mama anafunga mlango, anaweka simu juu ya kabati, anafanya. Mwanzoni mwa kila sauti limo lile swali langu la nani asifanye: mwenye mimba, mwenye presha isiyotulia, mwenye goti bovu, ufanye hivi au usubiri. Anapata zaidi kuliko mimi.

Pesa. Kipindi changu cha mwanzo kilinilipa nauli, na si kila mara. Kinachoniweka ni vitu vya pembeni: kuandika menyu za hoteli za kaskazini na mashariki, kutafsiri vipeperushi vya afya kwa Kiswahili kinachosomeka, kufundisha wapishi, kuongoza mikutano. Hesabu redio kuwa ni dirisha la duka, bidhaa ziko ndani.

Halafu watakuja wa chai za kupunguza tumbo. Mimi waliniletea boksi zuri la kijani na fedha ya miezi mitatu ya kodi ya nyumba. Nikaligeuza boksi nyuma, nikasoma kwa herufi ndogo: senna. Nikacheka peke yangu. Sanamaki! Dawa ile ile waliyokuwa wakitunywesha bibi zetu tukifunga choo. Tumbo litapungua kweli, kwa kwenda msalani. Yanayotoka ni maji na choo, mafuta yako palepale. Nililirejesha, na sitasema kwamba haikuniuma, mwezi ule kodi nilikopa. Lakini nilikuwa nimeshasoma kuhusu Belle Gibson wa Australia, aliyejipatia jina na fedha kwa kudai ameishinda saratani ya ubongo kwa chakula, kumbe hakuwahi kuwa na saratani. Mwaka 2017 mahakama ilimtoza faini ya dola 410,000 za Australia. Yeye alikuwa na nchi kubwa ya kujifichia. Mimi nina Darajani.

Yale ya kawaida, wauza mchele, mafuta, vyombo vya jikoni, chukua bila ya haya, ila yaandikwe kwenye karatasi: video ngapi, kwa lini, nani analipia viungo. Mapishi ya kurudia mara tatu kwa ajili ya picha yanakula nazi na samaki, na bila ya karatasi nazi hizo ni zako.

La mwisho, kabla sijasahau: Ramadhani ndiyo mavuno ya kazi hii, kila kituo kinataka kipindi cha futari. Barua yako iwafikie Rajab. Ukingoja Shaabani utakuta wameshagawana.