Mwanangu, kuhusu yule wakala aliyenyamaza

Mwanangu,

Umeuliza inakuwaje wakala wa ajira akupigie simu mara tatu kwa siku, akuhimize utume wasifu kabla ya jioni, kisha wiki mbili nzima asipokee simu yako. Unajiuliza umekosea wapi. Huenda hukukosea popote.

Tazama anayemlipa. Wakala hulipwa na mwajiri, na mara nyingi hapati kitu mpaka mtu wake aajiriwe. Kamisheni kwa kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 25 ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Nafasi hiyohiyo huweza kuwa mikononi mwa mawakala wanne, na aliyetangulia kupeleka jina ndiye anayehesabiwa kuwa amelileta. Haraka yake ilitoka hapo. Mwajiri akichukua mtu mwingine, au akiifuta nafasi, simu ya kukupa jibu haimwingizii wakala hata senti. Ni utovu wa adabu, sikatai.

La kuogopa zaidi ni wasifu wako kumfikia mwajiri mmoja kupitia mawakala wawili. Mwajiri huona ugomvi wa kamisheni unakuja, akaliweka jina lako kando hata kama unafaa. Kwa hiyo kabla hujakubali, taka jina la kampuni, cheo, mshahara na mahali pa kazi. Kisha umwandikie: “Nakuruhusu unipeleke kwa kampuni hii, kwa nafasi hii tu. Kwingine niulize kwanza.” Tunza daftari lenye tarehe, wakala, kampuni na nafasi. Ukiwa ulishaomba mwenyewe, mwambie papo hapo.

Akigoma kutaja kampuni, anahofia utamruka uende moja kwa moja. Wapo wanaofanya hivyo, simlaumu. Lakini aitaje kabla ya kutuma, la sivyo asitume.

Wengine, simu ya kwanza tu, wanataka majina na namba za mabosi wako wa zamani. Usitoe. Mara nyingi hao mabosi ndio anaowawinda, awauzie huduma zake. Mwambie wadhamini utawataja usaili ukishafanyika.

Akikudai ada ya kuandikishwa au ya “kufungua faili”, achana naye. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi hamtozi mfanyakazi, ingawa unaruhusu nchi kuweka vighairi kwa makundi fulani. Mwizi hupenda kujificha kwenye vighairi hivyo.

Kufuatilia: siku tatu za kazi baada ya kutuma, kisha wiki moja baadaye, basi. Usiulize “kuna habari gani?”, maana jibu lake ni “bado.” Uliza: “Jina langu lilipelekwa tarehe ngapi, na mwajiri ameshaufungua wasifu wangu?” Akishindwa kutaja tarehe, pengine hakulipeleka.

Ule mkataba wa muda uliosema wamekutumia, ambao wakala ndiye atakayekulipa, usiusaini bado. Tafuta kifungu kinachosema utalipwa lini kampuni ikichelewa kumlipa wakala, na kile kinachokuzuia kuajiriwa na kampuni hiyo moja kwa moja, ni kwa miezi mingapi. Vipige picha vyote viwili unitumie.

Mzazi wako