Jibu: NCLEX imezima kwenye swali la 85, nimefeli?

Pole kwa presha, dada. Kuuliza kama kuzima kwa NCLEX, mtihani wa leseni ya wauguzi Marekani, kwenye swali la 85 ni dalili ya kufeli ni kawaida, lakini si dalili ya lolote. Tangu Aprili 2023 mtihani una maswali 85 hadi 150, na hukatika mapema mashine ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango au chini yake.

Umefanya Ijumaa, na matokeo ya haraka hutoka baada ya siku mbili za kazi, kwa hiyo wikendi haihesabiwi. Jumanne ingia kwenye akaunti yako ya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani. Kama bodi ya uuguzi ya jimbo lako inaruhusu matokeo ya haraka, utalipa dola 7.95 uyaone. Si rasmi, ya bodi ndiyo rasmi, nayo huweza kuchukua hadi wiki sita.

Ile hila ya kujisajili upya ili uone kama mfumo utakukatalia, eti ukikataliwa umefaulu, achana nayo kabisa. Mfumo ukikubali, kadi yako inakatwa dola 200 na bado hujui kitu. Na hilo kundi la WhatsApp linalochambua maswali usiku kucha, toka. Kwanza uliapa kutoyataja.