Kisukari na leseni ya udereva: majibu ya maswali yenu

Mwezi uliopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba nina kisukari aina ya kwanza (mwili wangu hautengenezi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwa hiyo naichoma) na kwamba niliwahi kukaa miezi saba bila leseni ya udereva. Sikutegemea maswali yangemiminika namna hii. Wengi wenu mmefungiwa leseni au mnaogopa kufungiwa, na wengine mna hofu na sisi tuliopo barabarani. Nimechagua machache na kuyafupisha.

Nachoma insulini mwaka wa 12 sasa. Mwaka jana sukari ilinishuka mara mbili usiku nikiwa usingizini, mke wangu akaninywesha maji ya sukari. Nilimweleza daktari kama kawaida yangu. Wiki chache baadaye nikapata barua kwamba leseni yangu imesitishwa. Sijawahi kupata ajali, wala sukari haijawahi kunishuka nikiwa kwenye usukani. Hii ni haki? — Baba wa watatu

Hapana, kaka, si haki, na wapo waliotunga sheria ya namna hiyo kisha wakajirudi. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba dereva ambaye sukari yake imeshuka vibaya mara mbili ndani ya miezi 12 asipewe leseni. Kushuka vibaya maana yake ni kufikia hali ya kuhitaji mtu mwingine akusaidie. Sheria ile haikuuliza kama ulikuwa macho au umelala. Uingereza ilipoanza kuitekeleza mwaka 2011, watu wenye historia safi kabisa barabarani walijikuta wanapanda basi kwa sababu ya kilichowapata kitandani.

Mwili uliolala haufanyi kazi kama mwili ulio macho. Mchana sukari ikianza kushuka unatetemeka, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, na hapo unajua la kufanya. Usingizini kengele hizo hulia kwa sauti ndogo au hazilii kabisa. Kwa hiyo mtu anaweza kuzidiwa usiku bila kujitambua, na mchana akazihisi dalili mapema kabisa. Vyama vya wagonjwa na madaktari wao walilirudia hilo kwa miaka hadi likasikika. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulirekebisha maneno: kinachohesabiwa ni kushuka kwa sukari mtu akiwa macho, na anaweza kurudi barabarani miezi 3 baada ya tukio la mwisho. Uingereza ilifuata Januari 2018 kwa madereva wa magari madogo na pikipiki.

Wewe anza kwa kuomba kifungu chenyewe cha sheria kilichotumika kukufungia, kwa maandishi. Tafuta humo neno "macho", kwa maana ya kutolala. Kisha mwombe daktari wako aandike tarehe na saa ya kila tukio, na aseme wazi kwamba ulikuwa umelala. Barua ya daktari inayosema tu "mgonjwa aliwahi kushukiwa na sukari" inakuumiza kuliko kukusaidia.

Mimi natumia vidonge tu. Haya yananihusu? — Mwalimu mstaafu

Inategemea kidonge. Metformin ikitumika peke yake ni nadra sana kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide na gliclazide zinaweza, hasa ukinywa dawa kisha ukachelewa kula. Soma jina lililo kwenye pakiti, mwalimu, na umuulize mfamasia. Na macho yako yapimwe kila mwaka hata kama unaona vizuri, kwa sababu kisukari huharibu macho kimyakimya, na leseni inaweza kupotea kwa macho.

Baba yangu aligongwa na gari akivuka barabara. Dereva alisema sukari ilimshuka. Baba anatembea kwa magongo mpaka leo. Ninaposoma kwamba mnadai leseni zenu, najiuliza nani anadai miguu ya baba. — Binti yake

Dada, pole wewe, na pole kwa mzee. Sitakujibu kana kwamba maumivu yako ni kikwazo kwenye hoja yangu.

Nikueleze yaliyonipata. Nilisimama kwenye taa za barabarani. Taa ikawa ya kijani na mimi nikaiangalia. Niliiona ni kijani kabisa, ila sikukumbuka kijani inanitaka nifanye nini. Magari ya nyuma yakapiga honi, nikasikia honi kama ziko ndani ya maji. Mwanamume mmoja akafungua mlango wangu, akavuta breki ya mkono, akazima gari, akaniuliza jina langu. Sikuweza kulitaja. Glukosi yangu ilikuwa kwenye begi na begi lilikuwa kwenye buti.

Nilistahili kusimamishwa kuendesha baada ya siku ile. Nasema hivyo bila kutafuna maneno. Ningekuwa nimekanyaga mafuta badala ya kuduwaa, huenda leo binti mwingine angekuwa anaandika barua kama yako.

Ninachodai ni kwamba apimwe mtu, si jina la ugonjwa wake. Chama cha Kisukari cha Marekani kilipotoa msimamo wake kuhusu udereva mwaka 2012, kilitaja uchambuzi wa tafiti nyingi uliokadiria kwamba wenye kisukari, wakichukuliwa wote kwa pamoja, wana hatari ya ajali iliyozidi ya wengine kwa asilimia 12 hadi 19. Ipo, na siifichi. Lakini ndani ya kundi hilo wapo wengi wasio na hatari yoyote ya ziada, na wapo wachache wenye hatari kubwa, hasa ambao sukari iliwahi kuwashuka vibaya siku za karibuni. Sheria inayowafungia wote inawaonea wengi. Na inayowaachia wote, dada, inamsahau baba yako. Inayotakiwa ni ile inayowatambua hao wachache kwa wakati, na njia ya kuwatambua iko kwenye swali linalofuata.

Nimeambiwa na wenzangu nisimwambie daktari kila kitu. Nikinyamaza nabaki na leseni na kazi, nikisema nakosa vyote. Wewe ungefanyaje? — Nisitajwe

Swali hili limenikosesha usingizi.

Watafiti wa Denmark walifanya jambo la maana sana. Baada ya sheria kali ya Umoja wa Ulaya kuanza kutumika kwao, waliangalia ni mara ngapi wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza wanawaambia madaktari kwamba sukari iliwashuka vibaya. Taarifa hizo zilipungua kwa zaidi ya nusu. Wagonjwa hawakuwa wamepona. Walikuwa wamefunga midomo, kwa sababu kila walichosema kliniki sasa kilikuwa na bei.

Fikiria maana yake kwa binti aliyeandika hapo juu. Kukiri kwa mgonjwa ndiyo njia kuu ya daktari kujua kwamba dozi ya jioni imezidi, au kwamba mtu huyu amepoteza uwezo wa kuhisi dalili. Uwezo huo hufifia sukari inaposhuka mara kwa mara, na ukiepuka kushuka kwa wiki kadhaa unaweza kurudi. Lakini nani atakusaidia kuurudisha kama hajui umeupoteza? Sheria inayomwadhibu anayesema inamwacha barabarani yule aliyenyamaza. Serikali inajiona imelinda watu, kumbe imezima taa chumbani.

Umeniuliza ningefanyaje. Mimi nilisema, na nilifungiwa. Sheria iliruhusu nirudi baada ya miezi 3 nikileta ripoti ya daktari. Niliileta siku ya 91. Ofisi husika ikaomba fomu niliyokwisha kuituma, kisha ikaomba ripoti mpya kwa sababu ile ya kwanza "imepitwa na muda", na muda wenyewe ulipitia mezani kwao. Ndiyo maana nikakaa miezi saba. Sina kinyongo na ile mitatu ya kwanza. Ni minne iliyofuata iliyonifanya nijiunge na wanaodai mabadiliko, kwa sababu katika miezi hiyo minne niliwaelewa wanaoficha.

Bado nakusihi useme, ndugu yangu. Ila sema ukiwa umejiandaa. Kabla hujaingia kwa daktari, soma sheria ya nchi yako inaagiza nini na daktari ana wajibu gani wa kutoa taarifa, maana nchi zinatofautiana. Peleka daftari lako la vipimo. Mwombe mpango wa matibabu uliobadilishwa uandikwe siku hiyohiyo, ili faili lako lionyeshe tatizo na dawa yake kwa pamoja. Na wakati unasubiri, usiendeshe. Hilo sina namna ya kulilainisha.

Kipimo changu cha HbA1c ni kizuri mno, daktari ananisifu. Nikipeleka hicho kwenye ofisi ya leseni si kitatosha? — Mwenye furaha

Hongera, lakini usikitegemee. HbA1c ni wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, na wastani huficha mashimo. Ambaye sukari yake inapanda hadi milimoli 15 kwa lita na kushuka hadi 3 anaweza kuwa na wastani wa kupendeza. Mwaka 2009 watafiti wa Toronto waliwachunguza madereva wenye kisukari waliokuwa wameripotiwa kwa mamlaka ya leseni, wakakuta kwamba waliopata ajali walikuwa na HbA1c ya chini kuliko ambao hawakupata. Yaani kuibana sukari sana kuliambatana na ajali zaidi. Kwa hiyo afisa anayedai namba ndogo kama sharti la leseni anaweza kuwa anawasukuma watu kwenye hatari anayotaka kuizuia. Peleka rekodi za kila siku badala yake, za kipima sukari au za kihisi cha sukari kinachovaliwa mwilini, zenye saa.

Ni dereva wa lori. Nilipoanza insulini, mwajiri aliniambia "kwaheri" kabla hata ofisi ya leseni haijasema neno. Kuna nchi yoyote inayoturuhusu? — Miaka 20 barabarani

Zipo, na habari zake zitakutia nguvu. Marekani ilikuwa na katazo la jumla tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970: ukichoma insulini, huendeshi lori kutoka jimbo moja hadi jingine. Wagonjwa na Chama cha Kisukari cha Marekani walipambana. Mwaka 2003 ulianzishwa utaratibu wa kuomba ruhusa maalumu ya kuondolewa kwenye katazo, mmoja mmoja, wenye makaratasi mengi na kusubiri kwingi. Ruhusa ile ilizaa kitu ambacho hoja tupu zisingeweza kuzaa, nacho ni miaka 15 ya madereva halisi wa insulini walioendesha malori wakiwa na rekodi. Mwaka 2018 katazo liliondolewa. Sasa daktari anayekutibu anajaza fomu, unaleta angalau miezi 3 ya rekodi za kipima sukari, na mpimaji wa afya anaamua kwa kukuangalia wewe.

Uingereza nayo ilifungua mlango mwaka 2011 kwa malori na mabasi, kwa masharti mazito: uchunguzi kila mwaka, na sukari isiwe imeshuka vibaya hata mara moja ndani ya miezi 12. Huko kwenye magari makubwa hata tukio la usingizini linahesabiwa. Uzito wa masharti siupingi. Tani 40 si mchezo.

Kuhusu mwajiri wako: uamuzi wa kiafya si wake. Mwombe aandike sababu ya kukuachisha, na barua hiyo uipeleke kwa chama cha wafanyakazi kabla ya kusaini chochote.

Nipe kanuni moja ya kukumbuka kabla ya kuwasha gari. — Mwanafunzi wa udereva

Madereva wa insulini wa Uingereza hufuata kanuni ya kipimo cha 5, nami naifuata. Pima ndani ya saa 2 kabla ya kuondoka, na kila baada ya saa 2 ukiwa safarini. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, yaani 90 kwa mashine zinazosoma miligramu kwa desilita, kula kitu kwanza. Ikiwa chini ya 4, usiondoke. Ukiwa umeshaondoka, simama mahali salama, zima gari, toa ufunguo, hama kiti cha dereva, kunywa kitu cha sukari, upime tena. Ikisharudi juu ya 5, subiri dakika 45. Ubongo huchelewa kurudi kuliko namba kwenye mashine.

Na usijiambie "nitahisi". Wanasayansi waliwahi kuwaweka watu wenye kisukari kwenye simuleta ya gari, yaani mashine inayoiga uendeshaji, na kuishusha sukari yao kidogo kidogo. Uendeshaji ulianza kuharibika sukari ilipopita chini ya 4, na wengi wao waliendelea kukanyaga mafuta bila kuchukua hatua yoyote, ingawa vitu vya kunywa vilikuwa karibu.

Chokoleti inafaa kuwekwa kwenye gari? — Mpenda vitamu

Haifai kwa dharura. Mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu, na kwenye jua inayeyuka. Weka vidonge vya glukosi, juisi au soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Viweke kwenye mfuko wa mlango wa dereva, mahali mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda.