Ulizeni Mwalimu: Pambio, matatu na "Anguka Nayo"

*Hujambo, Mwalimu. Nina miaka 23. Mwaka 2024 tulipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, wimbo uliotawala barabarani ulikuwa "Anguka Nayo" wa Wadagliz. Baba anasema ule si wimbo wa siasa, ni wa kilabu, na kwamba nyimbo za ukombozi ziliisha na kizazi chao. Tukiketi mezani ni ubishi tu. Tuamulie.*
*B., Eldoret*

Umeshinda wewe, ila usimringie baba kabla hujamaliza kusoma, maana naye ana hoja moja nzuri.

Muulize hivi: tarehe 30 Desemba 2002, Kibaki alipokuwa akiapishwa Uhuru Park kuwa rais baada ya Moi, umati uliimba nini? Kama alikuwapo, au hata kama alitazama kwenye televisheni ya jirani, atakuimbia papo hapo: "Yote yawezekana bila Moi." Sasa muulize ni mwanasiasa gani aliyeutunga. Hayupo. Lile ni pambio la kanisani, "Yote yawezekana kwa imani", ambalo watu walikuwa wakilipigia makofi Jumapili baada ya Jumapili. Kilichobadilishwa ni maneno mawili ya mwisho. Nimefundisha kwaya za shule mpaka nikastaafu, kwa hiyo niruhusu nihesabu kwa vidole: kwa-i-ma-ni, silabi nne; bi-la-Mo-i, nne. Hakuna noti iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Aliyefika uwanjani amechelewa anausikia mara moja, na mara ya pili anaitikia. Mimi ukinipa mtunzi hodari na mwezi mzima wa mazoezi, bado siwezi kukupa umati unaoimba hivyo.

Wimbo wa pili wa mwaka ule, "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji, nao haukutungwa kwa ajili ya kampeni. Ni vijana wawili waliokuwa wakijigamba kwamba hawatishiki. Wapinzani waliokuwa wameungana chini ya NARC wakausikia, wakauchukua, na Kanu iliyotawala tangu 1963 ikaondoka huku majigambo yale yakivuma kila mkutano.

Babu yake baba yako huenda alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1929 na 1930, Wakikuyu waliokosana na wamisheni kuhusu tohara ya wasichana waliwakejeli kwa wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu, mpaka serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku. (Jambo lililowagombanisha siliungi mkono hata kidogo, hapa nazungumzia mbinu.) Wakati wa Mau Mau, maneno ya ardhi na uhuru yalitiwa ndani ya tuni za kanisa. Mpita njia asiyejua Kikuyu angedhani watu wako ibadani.

Sasa hoja ya baba yako. Ziko nyimbo zilizotungwa kwa makusudi na zikalipiwa gharama, na za mwaka 1990 ndizo ninazoziheshimu kuliko zote. Mwezi Mei mwaka ule vibanda vya Muoroto, hapa Nairobi, vilibomolewa na wakazi wakapambana na askari. Wakati huohuo wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wakidai vyama vingi, na siku chache kabla ya Saba Saba, mkutano waliouitisha tarehe 7 Julai, wakawekwa kizuizini. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali, na yote hayo iliyapita kando. Habari zikaja kwa kaseti. Wanamuziki walirekodi kwa Kikuyu nyimbo za kuombolezea Muoroto na mateso ya Matiba, wachuuzi wakazinakili na kuziuza, na makanga wakazicheza ndani ya matatu. Hebu fikiria abiria: hakununua kaseti, hakuhudhuria mkutano wowote, amelipa nauli ya kwenda kazini tu, na anashuka akijua kilichotokea Muoroto. Polisi waliielewa hatari hiyo haraka. Wakawakamata wachuuzi, wakazoa kaseti, na matatu zikaanza kusikilizwa kama zinavyokaguliwa breki. Moja ya nyimbo hizo iliitwa "Mahoya ma Bururi", yaani Maombi ya Nchi. Hata waliotunga kwa makusudi walijificha nyuma ya sala.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baba yako. Yeye anaupima wimbo kwa nia ya mtunzi. Mimi naupima kwa kazi unayofanya midomoni mwa watu. Mtunzi anaweza kukamatwa, muuzaji pia. Lakini ni nani wa kumkamata kwa sababu ya kelele yenu ya barabarani, "Zakayo, shuka"? Kizazi chenu kilifundishwa habari za Zakayo mtoza ushuru katika shule ya Jumapili, Luka 19, kwa wimbo na vitendo vya mikono. Rais William Ruto alipoongeza kodi, jina lilikuwa tayari limelala vinywani mwenu. Na baadaye mwaka 2024 mkamwita Kasongo, kutoka kwa wimbo wa Super Mazembe wa miaka ya 1970 ambamo mke anamsihi mumewe arudi nyumbani. Bendi ya Wakongo waliokuja kutafuta riziki Nairobi, wimbo wa ndoa, na karibu nusu karne baadaye umekuwa kejeli kwa Ikulu! Rais mwenyewe aliyataja majina hayo hadharani.

Kuhusu "Anguka Nayo", kuna jambo ambalo mzee anayeutazama kwenye simu hawezi kuliona. Maandamano ni kusubiri. Mnasimama saa nyingi mbele ya mstari wa askari, hofu inapanda, watu wanaanza kupungua mmoja mmoja. Wimbo wenye mtindo wa kucheza unaojulikana na wote unawafanya wageni mia mbili washuke na kuinuka kwa pamoja, na mtu aliyecheza na wenzake si mwepesi wa kuwaacha. Kwa hiyo sikubaliani na waliosema vijana walikuwa wakifanya mzaha. Tarehe 25 Juni watu walipigwa risasi na kufa nje ya Bunge. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada. Waliocheza wiki ile walijua wako wapi.

*Mwalimu, binti yangu anaimba kwaya shuleni. Nilisikia kwamba wasichana wa Butere waliimba wimbo wa taifa ikaitwa uasi. Wimbo wa taifa unawezaje kuwa uasi?*
*Mama J., Kakamega*

Mama J., waliokuwepo pale waliona wenyewe inavyowezekana. Aprili 2025 shule ile ilifika mashindano ya kitaifa ya drama, Nakuru, na mchezo uliowaudhi wakubwa. Mahakama ikaamuru waruhusiwe kuucheza. Siku yenyewe, askari wakiwa wametapakaa, wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Mchezo hawakuuonyesha.

Kama mwalimu wa kwaya nawapa alama zote. Walihitaji wimbo ambao hakuna afisa anayeweza kuukatiza na ambao kila aliyeketi lazima ainuke. Upo mmoja tu. Na ukiutazama vizuri, wenyewe ni wa kuazima: kamati iliyoandaa wimbo wa taifa mwaka 1963 iliichukua tuni yake kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwenye wimbo wa mama wa kubembelezea mtoto. Mwambie binti yako ajifunze beti zote tatu. Wengi huishia ubeti wa kwanza, kisha midomo inachezacheza tu.

*Sisi ni wakulima wa miwa. Kiwanda hakijatulipa, na tumekubaliana kwenda langoni kwa amani. Tunataka wimbo. Tukutumie maneno ututilie tuni?*
*Katibu wa kikundi, Bungoma*

Maneno tumeni, tuni sitawapa. Mnazo tayari. Chagueni wimbo mnaoimba wote kwenye matanga au harusi, wenye kiitikio kifupi, mkatie maneno yenu ndani yake. Ubeti utaje kitu kinachohesabika: tani mlizopeleka, miezi mliyongoja. "Tunadhulumiwa" anaimba kila mtu, na meneja ameshaizoea.

Mwanzishaji awe mama mwenye sauti ya kupenya, asiwe mwenyekiti. Mwenyekiti akipewa nafasi atageuza ubeti wa pili kuwa hotuba. Aanze chini, chini kuliko anavyotamani, kwa sababu umati ukichangamka hupandisha wimbo bila kujua. Mkianza juu, kufikia ubeti wa tatu mtabaki wanaume watatu mnaokohoa.

Kabila la mtu msilitaje, hata kwa fumbo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa usanii, lakini hakilindi matamshi ya chuki wala uchochezi wa ghasia, na mwaka 2012 wanamuziki watatu wanaoimba kwa Kikuyu walishtakiwa kwa sababu ya maneno ya nyimbo zao.

La mwisho ni la fundi. Acheni pengo la silabi tatu mwishoni mwa kiitikio kwa ajili ya jina la mnayemdai majibu siku hiyo. Mameneja hubadilishwa, na nyinyi hamtaki kutunga upya kila mwaka. Kama wa sasa ana jina refu lisiloingia, mpeni la utani.