Ndiyo, Shangazi, nilimlilia mbwa

Shangazi, shikamoo. Umeniuliza katika kundi letu la familia, mbele ya watu wote, kama ni kweli nimemlilia mbwa ilhali Baba Mdogo, kaka yako, alipofariki mwaka juzi sikuonekana Pangani. Na mdogo wangu naye akadakia kuuliza kama ni kweli nafikiria kuchukua mwingine. Nikinyamaza nitaonekana nina kiburi, kwa hiyo nawajibu nyote wawili bila kuficha.

Nililia, ni kweli. Bruno sikumnunua. Alikuwa wa bibi mmoja wa Kijerumani wa ghorofa ya pili, ambaye miguu ilipoanza kumshinda nikawa namtembezea mbwa wake jioni, na siku alipohamia makao ya wazee yasiyopokea wanyama akanikabidhi kamba, bakuli na daftari la chanjo. Hivyo ndivyo mtoto wa Pangani, niliyekua nikiokota jiwe kila nimwonapo mbwa, nilivyojikuta nina mbwa sebuleni. Najua yasemwayo kuhusu malaika wa rehema na nyumba yenye mbwa, wala sikuja kujitetea kwa fatwa. Nasema tu kwamba kwa miaka sita kopo la udongo safi lilikaa chini ya sinki langu, kwa ajili ya kuosha mara saba alichokilamba kama tulivyofundishwa madrasa, na kwamba chumba cha kusalia Bruno hakukiingia hata siku moja. Alikuwa akijilaza nje ya kizingiti, akingoja nitoe salamu.

Nadhani kinachowauma zaidi ni pesa, nanyi mna haki. Hapa Berlin mbwa hulipiwa kodi, euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza na 180 kwa kila anayeongezeka (paka halipiwi, na hilo sijawahi kulielewa). Ada za madaktari wa wanyama nazo hupangwa kwa kanuni ya nchi nzima, na tangu zilipopandishwa Novemba 2022 hakuna anayekwenda huko bila kuhesabu alichonacho. Figo za Bruno zilipoanza kushindwa, vipimo, dripu na dawa vilikula zaidi ya euro 700 katika wiki tatu, na mwezi wenyewe ni ule niliowaambia kwamba mshahara umechelewa. Haukuchelewa. Naomba radhi kwa uongo huo, ingawa nisingependa kuongeza mwingine kwa kudai kwamba leo ningezitumia pesa hizo vinginevyo.

Siku ya mwisho daktari alipiga magoti sakafuni, akamnyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akamdunga sindano ya usingizi, kisha ile ya pili. Kichwa kilikuwa kwenye kiganja changu, na nikakihisi kikiwa kizito ghafla. Kumzika katika bustani ya umma hairuhusiwi, lakini sheria inakubali katika kiwanja cha mtu binafsi kilicho mbali na maeneo ya kulinda vyanzo vya maji, mradi udongo wa juu usipungue sentimita 50. Tukampeleka kwa dada wa jirani yangu huko Brandenburg, jimbo linaloizunguka Berlin. Ardhi ya kule ni kichanga, Shangazi, haina tofauti kubwa na ya kwetu, na kila nilipochota koleo moja nusu yake iliporomoka na kurudi shimoni.

Baba Mdogo alipofariki nilikuwa ghalani kwenye zamu ya usiku, simu ikiita ndani ya koti. Kwetu maiti hacheleweshwi, na nilipopata nafasi ya kupiga mlikuwa mmeshapanga kuzika baada ya adhuhuri. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kikingoja kuongezwa muda, na kutoka nchini wakati ule kungeweza kunifungia mlango wa kurudi. Nikatuma ubani, nikamaliza zamu. Bibi yetu naye nilimzika vivyo hivyo, kwa simu na kwa pesa. Bruno ndiye wa kwanza kufa mkononi mwangu tangu niondoke nyumbani, na nilipoanza kumlilia sikuweza tena kutenganisha machozi yapi ni ya nani.

Kuhusu mbwa mwingine, nimeshakwenda kuangalia katika makao ya wanyama ya Falkenberg, ambayo ni miongoni mwa makubwa kabisa barani Ulaya. Huko mtu hakabidhiwi mnyama hivi hivi. Huuliza atabaki peke yake saa ngapi kwa siku, na kama mwenye nyumba ameridhia. Kinachonivuta si mbwa peke yake. Katika bustani ya Rehberge kuna watu waliokuwa wakisimama kila asubuhi kunisalimu, kumbe walikuwa wakimsalimu Bruno. Sasa wananipita kama mti. Kinachonizuia ni kwamba kwa miaka miwili niliahirisha safari ya nyumbani kwa kukosa wa kumwachia, nanyi niliwaambia tiketi zimepanda.

Nimekata tiketi ya Desemba. Naomba unipeleke kwenye kaburi la kaka yako kabla ya kunipeleka kwingine kokote. Kwa sasa jibu langu kwa mdogo wangu ni hapana, angalau mpaka nirudi, ingawa barua ya mwenye nyumba ya kuniruhusu kufuga niliiomba wiki iliyopita, na imo kwenye droo pamoja na kamba.