Dawa ya zamani, kazi mpya: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Ni kweli vinasaba vya watu vinaweza kuonyesha kuwa dawa iliyopo inatibu ugonjwa mwingine? (Msomaji, Tukuyu)

Marahaba. Ni kweli. Mwaka 2020, Covid ilipopamba moto, watafiti wa Uingereza walisoma vinasaba vya wagonjwa mahututi 2,244 na kuvilinganisha na vya watu wengine. Ikajitokeza jeni, yaani kipande cha vinasaba, iitwayo TYK2: waliorithi aina inayofanya kazi kwa nguvu zaidi walikuwa rahisi kuzidiwa. Jeni hiyo huchochea kinga ya mwili, na kidonge cha kutuliza njia hiyo kilikuwepo tayari, baricitinibu, cha baridi yabisi. Hakikugawiwa papo hapo. Kilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa 8,156 waliolazwa. Waliokiongezewa juu ya matibabu ya kawaida walikufa asilimia 12, wengine asilimia 14. Kwangu hilo si jambo dogo: katika kila wagonjwa mia, kama mmoja au wawili zaidi walinusurika, kwa kidonge ambacho madhara yake yalishafahamika. Dawa mpya kabisa huchukua miaka kumi na zaidi.

Mama anatumia dawa za baridi yabisi. Mdogo wangu akibanwa kifua, nimpe? (Mafinga)

Hapana, usimpe. Baadhi ya dawa hizo hushusha kinga, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Mpeleke kituo cha afya.

Data hizo za vinasaba ni za Wazungu. Sisi huku Uyole zinatuhusu nini?

Umegusa panaponiuma. Sehemu kubwa ya data hizo kweli ni ya watu wenye asili ya Ulaya, na hasara ni ya wote. Kule Dallas, Marekani, watafiti walikuta Mmarekani Mweusi mmoja hivi kati ya 50 amerithi hitilafu kwenye jeni ya PCSK9. Lehemu yao mbaya, yaani mafuta ya kwenye damu yanayoziba mishipa, ilikuwa chini, na mwaka 2006 ikaripotiwa kuwa ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra sana kwao. Sindano za kushusha lehemu zilizopatikana baadaye zinaziba kazi ya jeni hiyo hiyo. Wangepimwa Wazungu peke yao, dalili hiyo ingekuwa ngumu kuonekana.

Kwa hiyo ukiombwa damu ya utafiti, hapa Mbeya au kwingine, usikimbie. Uliza kibali cha maadili kiko wapi, sampuli itapelekwa wapi, nani ataiona, na majibu mtarudishiwaje. Ukiridhika, saini. Usiporidhika, kataa, matibabu yako hayapaswi kuguswa.