Kiholanzi hakijifunzwi kwa mwezi mmoja

Wadogo zangu, mnaniuliza kama ni kweli Kiholanzi ni cha mwezi mmoja, na kwamba Kiingereza kinatosha. Anayewaambia hivyo anawaponza. Dukani Kiingereza kitakusitiri, sawa. Lakini barua za serikali ya Uholanzi huja kwa Kiholanzi, na sheria ya ujumuishaji wa wageni iliyoanza Januari 2022 inawataka wakimbizi na wanaomfuata mwenza walenge B1, kiwango cha kati cha lugha.

Msamiati mtaupata vitabuni. Kinachotuumbua sisi Waswahili ni mkazo, ile nguvu ya sauti kwenye silabi moja, hapa nimeiandika kwa herufi kubwa. Ulimi wetu huukimbiza hadi silabi ya pili kutoka mwisho hata kwenye neno ambatani: mwanasheRIa. Kiholanzi huunganisha maneno, na mara nyingi mkazo mkuu hubaki kwenye kipande cha kwanza.

Chukueni verblijfsvergunning, kibali cha ukaazi. Tafuteni mshono kwanza: verblijfs na vergunning. Ile s ni gundi, inakaa na kipande cha mbele. Kisha kateni silabi: ver-blijfs-ver-gun-ning. Ver- haibebi mkazo, kama be-, ge- na ont-. Basi mkazo mkuu uko BLIJFS. Sisi tunasema verblijfsverGUNning, tena tunachomeka irabu, "verebuleifusi", silabi mbili zinakuwa saba na mshono haujulikani ulipo. Ukikosea mshono unabadili maana: massagebed ikikatwa massage-bed, mkazo SA, ni kitanda cha kukandwa, ikikatwa massa-gebed, mkazo MAS, ni sala ya umati.

Msikariri orodha za maneno, shikeni kanuni. Lakini stadhuis, ofisi ya mji, karirini tu: mkazo uko HUIS, ilhali ZIEkenhuis, hospitali, unaanza mbele. RotterDAM, jina la mji, na boerenKOOL, mboga ya jamii ya kabichi, nazo zimeasi.

Na hili msilichezee, hasa kwenye maelekezo ya usalama kazini: VOORkomen ni kutokea, voorKOmen ni kuzuia. Herufi zilezile kabisa.

Zoezi lenyewe: tamka kipande cha kwanza peke yake, piga kofi kwenye silabi ya mkazo, halafu unganisha cha pili kwa sauti iliyoshuka. Kila siku, maneno matano ya barua halisi, yasizidi. Inawezekana, msiogope. Karani akikunja uso, usipaaze sauti palepale ulipokosea. Punguza mwendo, kaza BLIJFS, acha vergunning ishuke.